Handel, mtunzi wa Haleluya, na madaktari watatu wa macho

Kila inapofika Krismasi au Pasaka, kwaya za makanisa yetu kuanzia Moshi na Dar es Salaam hadi Nairobi na Bukavu huuimba ule wimbo mkubwa wa Haleluya, na waumini husimama hata pale ambapo hakuna aliyewaambia kwa nini wanasimama. Wengi wanajua kwamba aliyeutunga anaitwa Handel. Wachache wanajua kwamba Handel alikuwa mgeni katika mji huu wa London kama tulivyo wageni sisi, na kwamba alimaliza miaka yake ya mwisho akiwa kipofu baada ya kupita mikononi mwa wapasuaji wa macho.

Tumemkumbuka kwa sababu ya matangazo. Anayepanda treni za chini ya ardhi hapa London huyaona: picha ya kijana anayecheka, miwani imetupwa, na bei ya kuanzia kwa kila jicho moja ya kurekebishwa kwa mionzi ya leza. Sisi wenyewe tumevaa miwani tangu kidato cha pili, kwa hiyo tangazo la namna hiyo hutusimamisha. Kisha tunamkumbuka jamaa yetu mmoja, dereva wa teksi za usiku, aliyesikia kwamba katika nchi nyingine operesheni hiyo ni nusu bei. Akakata tiketi ya ndege Ijumaa, akarudi kazini Jumanne. Wiki iliyofuata jicho la kulia likawasha na kuwa jekundu, na alipotaka kumuona aliyemfanyia, mtu huyo alikuwa mbali kwa saa nne za ndege. Jicho lilipona, lakini mpaka leo kila taa ya barabarani usiku anaiona imezungukwa na duara la mwanga. Karatasi aliyotia saini ilieleza kwamba jambo hilo linaweza kutokea. Hakuisoma.

Tunaomba ieleweke mapema kwamba hatuandiki haya kuwatisha watu na leza. Tunaandika habari za mtu mmoja aliyekufa zamani, na atakayeona mahali inapomgusa ataona mwenyewe.

George Frideric Handel alizaliwa mjini Halle, katika Ujerumani ya leo, tarehe 23 Februari 1685. Baba yake alikuwa kinyozi na mpasuaji, kwani zama hizo Ulaya kazi hizo mbili zilishikwa na mtu mmoja: anayenyoa ndevu ndiye anayepasua majipu na kuunga mifupa. Mzee huyo alikuwa amepita miaka 60 mtoto alipozaliwa, na alitaka mwanawe awe mwanasheria, si mpiga vinanda. Akafariki mwaka 1697, naye kijana akaingia Chuo Kikuu cha Halle mwaka 1702, lakini mwaka mmoja baadaye alikuwa Hamburg katika jumba la opera. Kutoka hapo akaenda Italia, akakaa karibu miaka minne akijifunza namna Waitaliano wanavyoandika kwa ajili ya sauti ya binadamu.

Mwaka huohuo wa 1685, mjini Eisenach, si mbali na Halle, alizaliwa Johann Sebastian Bach. Wakuu hawa wawili wa muziki hawakukutana hata siku moja. Kilichowakutanisha ni mtu wa tatu, na tutamfikia.

Handel aliingia London mwishoni mwa mwaka 1710 na opera yake ya kwanza hapa, Rinaldo, ikaonyeshwa Februari 1711. Alikuwa na ajira Hanover kwa mtawala wa huko, akaomba ruhusa ya kusafiri, akarudi, akaomba tena, na mara ya pili hakurudi. Wengi wetu tuliopo ughaibuni tunaijua ruhusa ya namna hiyo. Bahati yake ilikuwa ya ajabu, kwani mwaka 1714 mwajiri aliyemkimbia alirithi kiti cha enzi cha Uingereza na kuja London kama Mfalme George wa Kwanza. Ugomvi kama ulikuwepo haukudumu: mwaka 1717 muziki wa Handel ulipigwa juu ya mashua katika mto Thames huku mfalme akisafiri, na mfalme akataka urudiwe. Mwaka 1723 akahamia nyumba ya Brook Street namba 25, na mwaka 1727 akapewa uraia kwa sheria ya Bunge. Nyumba hiyo bado ipo na ni makumbusho. Jirani yake, namba 23, ghorofa ya juu, aliishi Jimi Hendrix mnamo 1968 na 1969, na sasa mtu hulipa kiingilio kimoja akawaona wote wawili.

Si kila jambo la maisha yake linapendeza kwetu. Wanahistoria waliopekua vitabu vya hesabu wamekuta kwamba Handel alinunua na kuuza hisa za Kampuni ya Kifalme ya Afrika, iliyofanya biashara ya kununua na kusafirisha watu wetu wa Afrika Magharibi. Haikuwa siri enzi zile wala haikuwa aibu. Tumeona tuitaje, maana kwaya zinazomwimba zina haki ya kujua.

Tuje kwenye mwili wake. Alikuwa mnene, mlaji mkubwa, mwenye hasira za haraka na mcheshi, na alifanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Mwaka 1737 alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukakataa. Alikwenda Aachen kwenye maji ya moto, akakaa humo muda mrefu kuliko walivyoshauri, na mkono ukarudi. Mwaka 1741, kati ya tarehe 22 Agosti na 14 Septemba, aliiandika Masihi yote, kitabu kizima, ndani ya siku 24. Onyesho la kwanza lilifanyika Dublin tarehe 13 Aprili 1742, na mapato yakagawiwa hospitali mbili na wafungwa wa madeni. Kuhusu ile habari kwamba Mfalme George wa Pili alisimama aliposikia Haleluya na ndiyo sababu watu husimama, hakuna ushahidi wa wakati ule unaoonyesha kwamba mfalme alikuwepo ukumbini. Lakini watu wataendelea kusimama, na hakuna ubaya.

Macho yalianza kumsaliti mwanzoni mwa mwaka 1751. Alikuwa anaandika oratorio ya Yeftha, yule mwamuzi wa Israeli aliyeweka nadhiri iliyomgharimu binti yake. Tarehe 13 Februari alisimama katikati ya kipande cha kwaya, akaandika kwa Kijerumani pembeni ya karatasi kwamba jicho lake la kushoto limelegea kiasi kwamba hawezi kuendelea. Siku kumi baadaye, siku aliyotimiza miaka 66, akaandika kwamba nafuu imepatikana. Muswada huo umehifadhiwa, na hata asiyejua kusoma muziki anaona maandishi yanavyobadilika, noti zinavyopotea mahali pake. Kazi ambayo angeimaliza kwa mwezi mmoja ilimchukua mpaka mwishoni mwa Agosti.

Daktari wa kwanza alikuwa Samuel Sharp wa Hospitali ya Guy's, mmoja wa wapasuaji wenye sifa kubwa London. Sharp alimtazama akamwambia ukweli usiopendeza: tatizo lilikuwa nyuma ya jicho, katika neva ya kuonea, na hakuwa na dawa. Wataalamu waliokuja baadaye wamebishana sana, lakini wapo wanaokubaliana naye, kwamba kiharusi na ugonjwa wa mishipa ya damu ndivyo vilivyoua macho ya Handel, na kwamba hakuna sindano ambayo ingefika huko. Inasimuliwa kwamba Sharp alimshauri amtafute John Stanley, mpiga kinanda hodari aliyekuwa kipofu tangu utotoni, amsaidie kuendesha maonyesho, na Handel akacheka sana akamkumbusha daktari yale ya Maandiko kuhusu kipofu kumwongoza kipofu.

Mtu aliyeambiwa hakuna dawa hutafuta mwingine wa kumwambia ipo. Tarehe 3 Novemba 1752 Handel alikaa mbele ya daktari wa pili, William Bromfield, mpasuaji wa Binti Mfalme wa Wales. Huyu alimfanyia operesheni ya mtoto wa jicho kwa njia ya siku hizo, na inafaa tueleze namna ilivyokuwa.

Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, kuna lenzi. Inapoingia ukungu, kama kioo kilichopuliziwa pumzi, ndiyo tunaita mtoto wa jicho. Mpasuaji wa zamani hakuitoa lenzi hiyo. Msaidizi alikishika kichwa cha mgonjwa kwa nguvu, mpasuaji akachoma sindano ubavuni mwa jicho, akaisukuma lenzi chini mpaka ikaanguka kwenye sakafu ya jicho na kuacha njia ya mwanga. Ganzi haikuwepo, matone ya kutia ganzi jicho yalianza kutumika mwaka 1884. Sindano haikuchemshwa, maana habari za vijidudu hazikujulikana. Mgonjwa aliweza kuona papo hapo, akalia kwa furaha, akalipa. Yaliyofuata, yaani usaha, presha ndani ya jicho na maumivu ya wiki nzima, yalikuja baada ya siku kadhaa. Njia hii ni ya kale sana, na hadi miaka ya karibuni madaktari wa Nigeria, Mali, Sudan na Yemen wameendelea kupokea hospitalini watu waliopofushwa na waganga wanaoifanya vijijini.

Baada ya Bromfield, Handel aliona kidogo kwa muda. Mwishoni mwa Januari 1753 magazeti ya London yakatangaza kwamba amepofuka kabisa. Mwaka huohuo wa 1753 Mfaransa Jacques Daviel alichapisha taarifa ya njia yake mpya ya kuitoa lenzi yenyewe nje ya jicho, na Samuel Sharp, daktari wetu wa kwanza, naye akaeleza majaribio yake ya namna hiyo mbele ya Royal Society hapa London. Kwa Handel hayo yalichelewa, na kama Sharp alikuwa sahihi kuhusu neva, yasingemsaidia vyovyote.

Hapa tunamkumbuka tena kijana wa kwenye tangazo. Leza inayorekebisha uoni leo haihusiani na ugonjwa wa lenzi wala wa neva. Inachonga konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho wenye unene wa karibu nusu milimita, ili mwanga uangukie mahali pake, kazi ileile inayofanywa na miwani. Mionzi hiyo ilianza kujaribiwa kwenye konea katika miaka ya 1980, na Marekani iliiruhusu mwaka 1995. Imefanywa kwa mamilioni ya watu na wengi mno wameridhika. Lakini mwenye presha ya jicho haitamponya, mwenye mtoto wa jicho haitamwondolea, na sisi tuliovuka miaka 40 tutaendelea kuhitaji miwani ya kusomea gazeti, isipokuwa tukubali jicho moja liachwe kwa ajili ya karibu. Wapo pia ambao hawafai kuguswa: mwenye konea nyembamba, mwenye konea inayochongoka kama pia, mwenye macho makavu sana, mjamzito, kijana ambaye namba za miwani yake bado zinabadilika kila mwaka. Konea dhaifu ikichongwa inaweza kulegea na kutokeza mbele miezi au miaka baadaye, na hilo ni tatizo kubwa kuliko miwani iliyotupwa. Kwa wengi usumbufu ni macho makavu ya miezi michache, kwa baadhi ya muda mrefu zaidi, pamoja na hayo maduara ya usiku ya jamaa yetu. Maambukizi na upotevu wa uoni ni nadra, lakini nadra si kamwe.

Kwa hiyo vipimo vinavyofanywa kabla ndiyo nusu ya tiba, na kliniki inayomwambia mteja kwamba hafai, ikapoteza fedha zake, imefanya kazi aliyoifanya Sharp.

Sasa tuseme habari za daktari wa tatu. John Taylor alizaliwa Norwich mwaka 1703 katika nyumba ya mpasuaji. Hakuwa mjinga: alisomea Hospitali ya St Thomas' hapa London chini ya William Cheselden, mpasuaji mashuhuri kuliko wote wa zama hizo, akaandika kitabu kuhusu jicho akiwa na miaka 24, na mwaka 1736 akateuliwa kuwa daktari wa macho wa Mfalme George wa Pili. Jina hilo la kifalme lilimtosha. Alizunguka Ulaya nzima kwa gari la farasi lililochorwa macho kila upande, habari zikimtangulia magazetini kabla hajafika. Akifika mjini alihutubia umati kwanza, kwa lugha ya mafumbo na mbwembwe nyingi, kisha akapasua hadharani. Baada ya hapo aliyafunga macho ya mgonjwa kwa bandeji na kuamuru zisifunguliwe kwa siku kadhaa. Bandeji zilipofunguliwa, gari lenye macho lilikuwa limeshaondoka mjini.

Mwishoni mwa Machi 1750 gari hilo lilifika Leipzig, na Bach, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, akapelekwa kwake. Taylor alimpasua, na baada ya siku chache akampasua tena. Bach hakuona tena vizuri, akaugua mfululizo, na tarehe 28 Julai mwaka huo akafariki akiwa na miaka 65.

Miaka minane baadaye, Agosti 1758, Handel alisafiri na rafiki yake Thomas Morell, mwandishi wa maneno ya Yeftha, kwenda Tunbridge Wells, mji wa chemchemi kusini mwa London ambako wenye fedha walikwenda kutafuta afya. Taylor alikuwa hapo. Handel alikuwa na miaka 73, kipofu kwa zaidi ya miaka mitano. Sisi tulipoanza kuisoma habari hii tulijiuliza ilikuwaje mtu mwenye akili kama ile, mtoto wa mpasuaji, aliyeambiwa na Sharp kila kitu, akakubali. Tumeacha kujiuliza. Aliyekaa gizani miaka mitano hahesabu uwezekano kama tunavyouhesabu sisi tunaoona. Shairi la kusifu kupona kwake lilichapishwa gazetini London mwezi huohuo, kama matangazo ya Taylor yalivyotaka. Hakupona. Taylor mwenyewe, katika kitabu cha maisha yake alichokitoa mwaka 1761, alikiri kwamba kwa Handel alikuta sehemu ya nyuma ya jicho imekufa ganzi, yaani lilelile alilosema Sharp. Katika kitabu hichohicho alidai kwamba yule mwanamuziki wa Leipzig alipata kuona kwa mikono yake, akampa umri wa miaka 88.

Taylor alifariki mwaka 1772. Inaelezwa kwamba naye alikuwa kipofu.

Kama Taylor angelazimika kukaa Leipzig mwezi mmoja baada ya kila operesheni, sifa zake zisingefika hata Norwich. Chama cha madaktari bingwa wa macho cha Uingereza kilitoa kanuni mwaka 2017 kwamba daktari atakayefanya operesheni ya kurekebisha uoni ndiye anayepaswa kuzungumza na mgonjwa na kupokea ridhaa yake, si mwuzaji wa kliniki, na kwamba ipite angalau wiki moja ya kutafakari kabla ya siku yenyewe. Anayesafiri nje Ijumaa na kurudi Jumanne hana wiki hiyo, na huyo anayeondoka mjini mapema safari hii ni mgonjwa, si daktari.

Maisha ya Handel katika giza hayakuwa ya kukaa pembeni. John Christopher Smith, mwana wa mwandishi wake wa siku nyingi, alisimamia maonyesho, na mzee akaendelea kupiga kinanda, kwanza kwa kumbukumbu, kisha kwa kubuni papo hapo huku wapiga vyombo wakimsubiri amalize. Walimshika mkono mpaka kwenye kinanda, wakamshika tena kumleta mbele ainamishe kichwa kwa watazamaji. Ilipoimbwa oratorio yake ya Samsoni, aliyotunga miaka kumi kabla hajapofuka, na mwimbaji kufika pale Samsoni aliyetobolewa macho anapolililia jua, watu waliokuwepo walisimulia kwamba hawakuweza kujizuia kulia, kwani mtunzi alikuwa ameketi hapo kando ya kinanda.

Kila mwaka Masihi iliimbwa katika kituo cha watoto waliotupwa, kilichoanzishwa London na nahodha Thomas Coram, na fedha zote zikawa za watoto. Wosia wake Handel aliuandika kwa mkono wake mwaka 1750, akiwa bado anaona. Nyongeza nne zilizofuata ziliandikwa na wengine, yeye akatia saini. Katika mojawapo aliwaachia watoto hao nakala safi ya Masihi.

Mara ya mwisho kuisikia ilikuwa tarehe 6 Aprili 1759, katika ukumbi wa Covent Garden. Baada ya hapo hakutoka tena nyumbani. Tarehe 11 Aprili aliita watu waandike nyongeza ya mwisho: pauni 1,000 kwa mfuko wa wanamuziki waliozeeka wakiwa maskini, ombi la kuzikwa Westminster Abbey, na pauni zisizozidi 600 kwa sanamu ya kaburini. Alifariki Brook Street asubuhi ya Jumamosi tarehe 14. Mazikoni walihudhuria watu wapatao 3,000. Sanamu iliyochongwa na Roubiliac ipo mpaka leo ukutani mwa kanisa hilo, na mchongaji amempa macho yaliyo wazi, yanayotazama juu.